Kiko chenye digali la mwanzi: usikifungue kikiwa moto

Kiko changu cha kwanza chenye mwanzi kilidumu miezi minne. Jioni moja nilimaliza kuvuta, nikataka kukisafisha papo hapo. Nikashika bori mkono huu, mdomo wa kiko mkono huu, nikazungusha. Kikalia ka! Mwanzi ulipasuka kutoka kwenye kiungio hadi fundo la pili, na niliyempelekea hakuweza kuuunga.

Tumbaku inadhuru, na asiyevuta simshauri aanze. Naandika kwa ajili ya mwenye kiko tayari.

Wazee wa pwani walikuwa na majina mazuri: bori ni pale tumbaku inapokaa, digali ni mrija unaotoka humo. Katika viko vingi vya siku hizi vyote viwili ni mti mmoja, kile kifundo kigumu cha chini ya shina la Erica arborea kutoka nchi za Mediterania. (Mti huo unaota hata Rwenzori.) Lakini digali likiwa la mwanzi, ni kipande cha pekee, kimeshikwa kwa kijimrija cha chuma au plastiki ngumu kilichojificha ndani. Kikipata moto, vitu hivyo havitanuki kwa kipimo kimoja. Ukizungusha wakati huo, anayeumia ni mwanzi. Kiache kipoe kabisa, hata kama ni kulala nacho hadi asubuhi. Na unapotoa mdomo, shika mwanzi wenyewe, usishike bori.

Unaponunua, tazama mafundo. Yakikaribiana sana, huo si mwanzi uliosimama bali ni shina linalotambaa chini ya udongo, na ndilo linalopendwa kwa kazi hii. Dunhill wa Uingereza waliviita viko vyao vya namna hiyo Whangee. Kisha pitisha waya uliovishwa pamba kutoka mdomoni hadi chini ya bori. Ukikwama njiani, kirudishe; tundu halikunyooka, na hutaweza kukisafisha bila kukifungua kila siku.

Swali ambalo mimi sikuuliza, nawe uliulize: mwanzi ukiharibika, unabadilishika? Wajapani walilijibu zamani. Kiko chao kiitwacho kiseru kina bori na mdomo wa chuma, katikati mwanzi uitwao rao, na walikuwepo mafundi waliozunguka mitaani kazi yao kuubadilisha. Kama aliyekitengeneza anakwambia amegandisha kila kitu kwa gundi, mimi singekinunua.

Unapokisafisha, spiriti usimimine ndani. Lowesha waya kidogo tu. Ukishavuta, kipumzishe siku mbili.

Nilicho nacho sasa kina miaka sita. Karibu na bori mwanzi umekuwa wa kahawia kama asali ya nyuki wadogo, na kuelekea mdomoni bado ni wa manjano.