Kadi ya dhamana baada ya skoo kuanguka

Dada, umeuliza kama kuchukua kadi ya mkopo tena hapa Marekani, baada ya skoo (alama zinazoonyesha unavyolipa madeni) kuporomoka hadi 540, ni kujitia kitanzi upya. Si lazima, ila anza na ile ya dhamana: unaweka benki dola 200, mfano, na hizo ndizo kikomo chako. Kabla ya kusaini uliza kama wanapeleka taarifa zako Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni tatu zinazotunza rekodi za madeni ya watu. Wasipopeleka, hiyo kadi ni pambo tu.

Mimi yangu niliipa kazi moja, bili ya simu ya dola 35. Mboga na mafuta ya gari nililipia kadi ya debiti, maana najijua. Bili ilikatwa tarehe 3, stetimenti, yaani taarifa ya kadi ya kila mwezi, ilitoka tarehe 18, nami nililipa yote tarehe 15. Wengi hukwama hapo: wanangoja siku ya mwisho ya kulipa, wakati kiasi kinachoripotiwa kwa kawaida ni kile kilichosomeka kwenye stetimenti. Zikisomeka dola 180 kati ya 200 unaonekana umebanwa, hata kama kesho yake unalipa yote.

Na usidanganywe eti ukibakiza deni kidogo skoo inapanda. Unawapa riba bure tu. Kwenye FICO, mfumo unaotumika sana kukokotoa skoo, historia ya kulipa ina uzito wa asilimia 35, kwa hiyo weka malipo yajikate yenyewe.

Lile deni ulilochelewesha linaweza kukaa kwenye ripoti hadi miaka 7. Yangu bado yapo, ila zile 200 nilirudishiwa baada ya mwaka na nusu hivi.