Tangazo linaingiaje katikati ya video?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mie fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nikishona huwa naegesha simu mezani naangalia video za mishono. Juzi mie na mwenzangu tunaangalia video ile ile kila mtu na simu yake, yangu ikaleta tangazo la sabuni, yake la mkopo, halafu video yenyewe inakwamakwama lakini tangazo linapita laini kabisa. Hivi aliyeirekodi kaweka matangazo mangapi mle ndani?

JIBU: Nzuri dada, pole na kazi. Mle ndani hajaweka hata moja, kilichopo ni alama tu za mahali pa kukatisha, mfano YouTube tangu 2020 video ikianzia dakika 8 inaruhusiwa kuwekewa matangazo katikati. Sasa simu yako ikikaribia ile alama inaomba tangazo kwenye seva nyingine kabisa, yaani kompyuta ya mbali inayotuma vitu mtandaoni, na huko kompyuta za watangazaji zinapiga mnada wa nafasi yako, kufumba na kufumbua ishauzwa, wanaangalia uko mji gani, unatumia simu gani, umekuwa ukitazama nini, ndo maana wewe sabuni mwenzio mkopo. Na kwa kuwa tangazo ni fupi simu inaweza kulivuta mapema wakati video bado inacheza, likifika zamu yake lishakuwa tayari, ila video ndefu inategemea mtandao kila dakika.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kuingiza tangazo, ya pili wewe fundi utaielewa kuliko mimi. Video haiji nzima kama jora, inakatwa vipande, mara nyingi vya sekunde 6 hivi, na simu inapewa orodha ya kipande gani kifuate kipi. Seva inachomeka vipande vya tangazo ndani ya orodha hiyo kabla haijakufikia, na pale pa kuungia inaandika alama kuiambia simu kwamba hapa kitambaa kimebadilika. Vyote vinaonekana vimetoka mahali pamoja, kwa hiyo zile programu za kuzuia matangazo zinapata tabu sana kujua lipi la kukata. Mpira wa laivu nao ni hivyo hivyo, alama inatumwa pamoja na picha za mechi kwamba mapumziko yameanza, chomekeni.

Linaloniuma ni bando. Tangazo la sekunde 30 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni karibu MB 4, na unayelipia ni wewe, hata ukiliruka kilichoshuka kimeshaliwa. Mi naona si haki, gharama ile angeibeba mwenye tangazo.

Ukitaka kuuona mshono wenyewe sikiliza sauti, ikipanda ghafla, au skrini ikiwa nyeusi kidogo tu kabla tangazo halijaanza, basi mara nyingi ndo pale vipande viwili vimekutana.