Kuvua kwa ndoano Ziwa Victoria wakati wa kiangazi na kumrudisha samaki akiwa mzima

Samaki akipiga mkia na kuondoka mkononi mwako, bado hujajua kama ataishi. Wengi wanaokufa baada ya kuachiwa hufa saa kadhaa baadaye, mbali na macho ya aliyewaachia. Matamvua yamechubuka, ute umefutika na ukungu ukapata njia kwenye ngozi, au misuli imechoka kupita kiasi na damu ikajaa tindikali. Kwa hiyo anayevua kwa fimbo kuzunguka Mwanza, iwe kwenye miamba ya Capripoint na Luchelele au kwa boti kuelekea Kome na Ukerewe, aamue kabla ya kufunga chambo: samaki gani ataondoka naye, na yupi atarudi. Uamuzi huo ndio unaochagua ndoano, uzito wa mshipi, kina cha kuvulia na hata saa ya kutoka. Ukisubiri mpaka samaki alale kwenye boti, umechelewa.

Mweleze mapema na mwenye mtumbwi. Kwa watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, samaki ni chakula, ni kodi ya nyumba na ni ada ya shule, na kumwona mtu akimrudisha majini sangara wa kilo 15 kunauma. Patana naye bei ya siku nzima isiyotegemea kitakachopatikana, mafuta yakiwa ndani yake, na mkubaliane kwamba sato wawili watatu wa kipimo halali ni kitoweo chake. Nahodha aliyeridhika atakusaidia sana dakika ile ya kumwachia samaki, maana yeye ndiye anayeielekeza boti.

Kuhusu vipimo, kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 zinakataza kuchukua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25, akipimwa kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Sisi tunaongeza alama ya tatu: sangara akizidi sentimita 85, mrudishe. Wengi wa wakubwa hao ni majike, na jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Wa kula ni wa katikati. Chora alama za 25, 50 na 85 kwa rangi ya mafuta ubavuni mwa boti, upande wa nje, karibu na usawa wa maji. Hapo utampima samaki bila kumtoa ziwani. Leseni unaipata kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Kumbuka pia kwamba maji yanayozunguka kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usivue humo bila ruhusa ya hifadhi, na kisiwa cha Rubondo unavua kwa kibali cha hifadhi na kwa masharti yao.

Wapo wanaouliza kwa nini tumhurumie sangara, samaki aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 akawamaliza wengi wa furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hili. Swali ni la haki. Lakini leo mialo kuanzia Kirumba hadi visiwani inaishi kwa huyo huyo sangara, na akiisha mkubwa wa kuzaa, mvuvi atahamia kwa wadogo na nyavu za macho madogo, ambazo zitamkomba na furu aliyebaki.

Kiangazi chetu, Juni hadi Septemba, kina faida ambayo wengi hawaioni. Pepo za kusini mashariki hulikoroga ziwa, maji ya juu hupoa hadi nyuzi 24 hivi, na hewa ya oksijeni hushuka hadi chini. Sangara havumilii kabisa hali ya oksijeni kidogo, hivyo anayeachiwa miezi hii ana nafasi nzuri kuliko wa miezi ya joto inayofuata, wakati ziwa linapojipanga tabaka na maji ya kina kirefu kukosa hewa. Juni hadi Agosti ndiyo miezi tunayopendekeza. Toka alfajiri, rudi kabla ya adhuhuri. Mchana upepo wa ziwani huamka, mawimbi hupanda haraka, na kumhudumia samaki kwenye boti inayoyumba ni kumuumiza. Vaa jaketi la kuokolea muda wote. Usisimame majini kwenye matete: kuna kichocho, na kuna mamba na kiboko.

Jambo linaloua samaki wengi kimyakimya ni kina. Sangara ana kibofu cha hewa kisicho na njia ya kutokea mdomoni. Akivutwa haraka kutoka chini, shinikizo la maji linapungua, hewa ile inatanuka, na yeye hana namna ya kuitoa. Utamjua: tumbo limejaa kama mpira, macho yametokeza, na mdomoni kumechomoza kitu chekundu au cheupe. Watu hukiona wakadhani ni kibofu, wakakitoboa kwa sindano au kisu. Hilo ni tumbo la chakula lililosukumwa nje. Ukilitoboa umemuua. Ukimwachia vilevile juu ya maji, ataelea ubavu, na furukombe, yule tai mla samaki, hachelewi.

Dawa ni kumrudisha kwenye kina, ambako hewa itasinyaa yenyewe. Chukua kreti la plastiki lenye matundu, kama la nyanya, ulipindue mdomo uwe chini. Funga uzito wa kilo moja moja kwenye kila pembe, na kamba ya mita 15 katikati juu. Mweke samaki majini ubavuni mwa boti, mfunike kwa kreti, kisha teremsha taratibu. Kreti likishuka, naye anashuka chini yake. Zikifika mita 10 au zaidi kidogo, subiri kidogo, kisha vuta juu polepole: samaki aliyepata nguvu atabaki huko. Kifaa hiki ni rahisi na kinafanya kazi, ila bora zaidi ni kutokukihitaji. Ukiwa umepanga kuachia, vua kwenye maji yasiyozidi mita 10, kando ya miamba na vichwa vya visiwa. Asubuhi na mapema sangara huja huko kuwafuata samaki wadogo.

Sasa vifaa. Kwa sangara tumia mshipi unaohimili kilo 20 hadi 25, na mbele yake mita moja na nusu ya nailoni nene ya kilo 40 au zaidi, kwa sababu meno yake ni kama msasa na ukingo wa kifuniko cha matamvua unakata. Wanaopenda mshipi mwembamba husema unanogesha mapambano. Kwa samaki atakayeliwa, sawa. Kwa atakayerudi ni ukatili, kwa kuwa kila dakika ya kuvutana inamjazia tindikali kwenye misuli. Sangara wa kilo 10 awe ubavuni mwa boti ndani ya dakika tano.

Kwenye chambo cha samaki tumia ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imegeuka kuitazama shina, namba 5/0 hadi 7/0. Ndoano hii haitaki kuvutwa kwa kishindo. Samaki akichukua, mwache aondoke, kaza mshipi polepole, nayo itateleza yenyewe hadi pembeni mwa mdomo. Ukivuta kwa nguvu kama ulivyozoea, unaing'oa. Kwenye chambo bandia ng'oa zile ndoano zenye ncha tatu, weka ya ncha moja. Na kila ndoano, ya aina yoyote, bana kile kijino kinachorudi nyuma kwa plaizi mpaka kilale. Utapoteza samaki wachache, hasa ukilegeza mshipi. Lakini kumtoa ndoano kutachukua sekunde tatu, na siku ikiingia kwenye kidole chako utashukuru. Chambo hai kipatikane kwenye maji yale yale unayovua. Usibebe furu wa ziwa hili kwenda kwenye lambo au bwawa lolote.

Samaki akifika, asiingie kwenye boti. Mwopoe kwa wavu wa mpira usio na mafundo, na mwache ndani ya wavu huo huo ukiwa majini huku unatoa ndoano. Nyavu za nailoni zenye mafundo hukwangua ute na kupasua mapezi. Lowesha mikono kwanza, wala usimshike kwa kitambaa kikavu au gunia la salfeti. Vidole visiguse matamvua. Usimning'inize kwa taya wima: uzito wa sangara mkubwa akiwa hewani unavuta shingo na viungo vya ndani ambavyo maisha yake yote vimebebwa na maji. Ukitaka picha, mpiga picha awe tayari kabla, mnyanyue kwa mlalo, mkono mmoja chini ya taya na mwingine chini ya tumbo, kisha mrudishe. Bana pumzi unapomtoa majini. Ukihitaji kuvuta nyingine, na yeye anaihitaji. Ikibidi alazwe, alale juu ya godoro la sponji lililoloweshwa, kwani mbao na bati la boti lililopigwa na jua la kiangazi linaunguza ngozi.

Katika kumwachia, kosa la kawaida ni kumsukuma mbele na nyuma. Akivutwa nyuma, maji yanapita kwenye matamvua kinyume. Mshike mgongo ukiwa juu na tumbo chini, kichwa kikielekea yanakotoka mawimbi, au nahodha aende mbele polepole kabisa ili maji yaingie mdomoni na kutokea mashavuni. Angalia vifuniko vya matamvua vikifunguka na kufunga kwa mpangilio. Legeza mkono: akiinama ubavu, endelea kumshika. Akisimama mwenyewe na kukaza mkia, mwache. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, zipe. Usimwachie ndani au karibu na magugu maji, wala kwenye maji ya kijani mazito kama rangi. Hewa humo ni kidogo. Sogea hadi maji ya wazi.

Sato ana mambo yake. Jike huatamia mayai mdomoni, na dume hulinda kiota, lile shimo la duara unaloliona kwenye mchanga wa maji mafupi. Viota hivyo vipite mbali. Dume huuma chochote kinachosogea pale, na akiondolewa wengine huvamia. Ukipata sato mwenye koo lililotuna, usimtoe majini hata kidogo, kwa sababu akitishika hutema mayai au vifaranga, na hutaweza kuwarudisha. Mtoe ndoano kwa plaizi akiwa chini ya maji. Kwa sato ndoano namba 6 hadi 10 na donge la ugali lisilozidi punje ya hindi vinatosha. Donge kubwa humezwa.

Kambare na kamongo huvuta hewa ya juu, hawachoki upesi. Kwa kamongo hatari ni yako, maana anauma vibaya: kata mshipi karibu na mdomo. Gogogo ana miiba mitatu inayojifunga ikiwa imesimama, hivyo mshike kwa plaizi kwenye shina la ndoano na umtikise ndani ya maji bila kumgusa.

Ikitokea ndoano imemezwa, usiichimbue. Kwa wa kurudi, kata mshipi karibu kadiri uwezavyo. Ndoano ya chuma cha kawaida huliwa na kutu, ya chuma kisichoshika kutu hubaki, basi usiinunue. Lakini kama matamvua yanatoka damu nyingi na samaki ana kipimo halali, usimrudishe kwa ajili ya kujiridhisha. Mpige mara moja nyuma ya macho kwa rungu, mtoe damu, mweke kwenye barafu. Mhesabu kati ya wale uliopanga kubeba, na idadi hiyo ikitimia, kunja mshipi, hata kama ni saa mbili asubuhi na samaki bado wanakula.