Usimpe huyo fundi ufunguo. Muulize kwanza: umejuaje?

Mkuu, simama hapohapo. Kama gari bado liko nyumbani usiliwashe. Kama limeshafika kwa huyo fundi wako wa Gerezani hapa Dar, panda bodaboda sasa hivi ukalizuie, hata kama ameshafungua boneti na kutandaza spana chini.

Umeandika kwamba una Subaru Impreza STI ya 2006 uliyoitoa Japani, imepungua nguvu, asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo, na fundi "ameisikiliza" akakwambia turbo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini ipate nguvu) imekufa, tafuta nyingine ya mtumba, kesho anafunga. Halafu ukauliza ni fundi gani Dar anaaminika kwa gari la namba hii, oili gani uweke, na kama ubadilishe bomba la moshi. Maswali mazuri, nitayafikia yote. Lakini hilo neno "ameisikiliza" limenipandisha presha, maana na yangu ilisikilizwa.

Mimi nilikuwa na STI kama hiyo yako, toleo hilohilo la taa za macho ya mwewe. Ikaanza kupoteza nguvu, ukikanyaga mafuta inafikiria kwanza. Nikauliza kwenye grupu letu la wenye Subaru. Yule jamaa anayeongoza grupu, gari lake limejaa stika mpaka unajiuliza anaona wapi barabara, akanijibu ndani ya dakika moja: nenda kwa "daktari wa Subaru". Nikaenda. Daktari akafungua boneti, akakanyagisha mafuta mara mbili, akainamisha kichwa, akafumba macho. "Turbo." Basi. Nilivutiwa! Nikaona huyu ndiye, wengine wote wanahitaji kompyuta, huyu ana masikio. Akavua mpira wa intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya turbo, akapitisha kidole ndani, kikatoka na oili. "Unaona?" Nikaona. Nikaenda ATM.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuniambia. Gari lolote la turbo lililotembea ukivua mpira ule utakuta oili kidogo, kwa sababu mvuke wa oili kutoka kwenye injini unarudishwa kwenye njia ya hewa kwa makusudi. Kidole chenye oili hakithibitishi chochote. Lakini nani angemuuliza? Mimi nilikuwa nahesabu hela.

Turbo ya mtumba ikaja, ikafungwa, gari likavuta vizuri. Nikamsifia kwenye grupu kwa aya tatu na picha. (Nimeshazifuta, msizitafute.) Oili hakumwaga, alisema bado nzuri. Na kuna boliti moja hakuigusa kabisa. Boliti hiyo ndiyo sababu ya mimi kukuandikia badala ya kulala.

Oili inayokwenda kwenye turbo inatoka kwenye silinda hedi kwa kibomba chembamba. Kibomba kinafungwa kwa boliti yenye tundu katikati, na ndani ya boliti hiyo, kwangu ilikuwepo na injini nyingi za aina hii zenye AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha muda wa vavu kufunguka) zinayo, kuna kichujio kidogo cha wavu. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa inatengeneza uchafu mzito, uchafu unaziba wavu, turbo inakosa oili. Na shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, haigusi chuma, inaelea juu ya utando wa oili. Ukipungua utando huo, turbo haina muda wa kuugua. Kwa hiyo ile turbo ya kwanza, kama kweli ilikuwa imekufa, iliuawa na njaa. Daktari akatoa maiti, akaleta turbo nyingine, akaiweka kwenye njaa ileile.

Ikafa barabara ya Morogoro, mbele ya Mlandizi, nikirudi mjini. Sauti kama king'ora, moshi nyuma nisione daladala zinazonifuata, halafu kimya. Nikapaki, nikampigia daktari. Hapa ndipo nilipomaliza hela zangu, kwa hiyo soma taratibu. Akasema: "Endesha polepole tu, bosi, itafika." Nami nikaendesha! Mtu mzima, nina leseni na akili zangu, nikaendesha.

Turbo ikivunjika, vipande vya chuma vinashuka na oili kwenye bomba la kurudishia, vinaingia kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Pampu ya oili inavivuta KABLA ya filta. Filta inakamata inachoweza, ikijaa inafungua vavu yake ya dharura na kupitisha oili bila kuchuja, ili injini isikose oili kabisa. Oili yenye vyuma inaenda kwenye beringi za konrodi. Nilipofika Kibamba nikaanza kusikia kong, kong, kong kutoka chini. Injini imenoki. Kama ningezima pale Mlandizi na kuita brekidauni, ningekuwa na msiba wa turbo moja. Kwa kuendesha polepole nikapata msiba wa turbo, pampu, beringi na kurankishafti.

Na daktari alisemaje alipoiona? "Subaru ndivyo zilivyo, bosi." Hii kauli ndiyo inayonifanya niume meno hadi leo. Ndivyo zilivyo! Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, kwenye mawe na vumbi la Kenya, leo mtu aliyeshindwa kufungua boliti moja anatuambia ndivyo zilivyo. Mbovu haikuwa Subaru.

Baadaye nikajua yule wa stika alikuwa anachukua cha juu kwa kila gari analolipeleka kwa daktari, na cha juu kingine kwenye duka la spea. Yaani kadiri gari langu lilivyozidi kuharibika ndivyo yeye alivyozidi kupata stika. Sijamtukana. Nilitoka kwenye grupu kimyakimya baada ya kurekodi ujumbe wa sauti wa dakika saba ambao sikuutuma, na mmoja ambao niliutuma.

Injini nyingine ya mtumba, kuibeba, kuifunga, turbo ya tatu, intakula mpya kwa sababu ile ya zamani ilijaa vyuma: hela ya kununua Vitz inayotembea vizuri. Gari likakaa uani muda mrefu mpaka mke wangu akawa analiita mgeni, linakula, linalala, halisaidii kazi yoyote.

Kwa hiyo mimi sina majina ya mafundi wa kukupa, nina swali moja tu la kumuuliza fundi yeyote, mwenye kibao kikubwa au wa chini ya mwembe: UMEJUAJE?

Akisema turbo imekufa: umejuaje? Akisema ringi zimeisha: umejuaje? Jibu linalokubalika ni namba iliyosomwa kwenye geji, au kitu anachoweza kukuonyesha ukakishika ukaelewa. "Uzoefu" si jibu. "Nimezishika nyingi" si jibu. "Sikiliza hiyo sauti" ndiyo jibu lililonigharimu Vitz. Hata kompyuta ya kusomea makosa si jibu peke yake, kuna wanaochomeka, inatoka namba ya kosa, wanakimbia kununua sensa iliyotajwa bila kujua kwamba sensa inaripoti tu tatizo lililoko kwingine.

Gari lako linapungua nguvu na linatoa moshi wa bluu asubuhi. Inaweza kuwa turbo, sikatai. Inaweza pia kuwa oili sili za vavu, ringi za pistoni, au vavu ya kupumulia injini. Na nguvu kupungua inaweza kuwa mpira wa intakula umechanika, kitu cha kubadilisha wakati chai inachemka. Anayejua kazi atapima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, mafuta yamekatwa, pedali imekanyagwa mpaka mwisho, na ataandika namba nne. Anazotafuta ni namba zinazokaribiana. Moja ikianguka mbali na wenzake, hapo pana habari. Atajaza hewa kwenye njia ya turbo atafute inapovuja. Atatoa swichi ya presha ya oili afunge geji aone presha yenyewe. Ndipo aje kwenye turbo, ashike shafti kwa vidole: kucheza kidogo pembeni ni kawaida, kwenda mbele na nyuma si kawaida. Na boliti, mkuu. Aifungue hiyo boliti mbele yako.

Jua pia kwamba kwenye injini hii silinda zimelala, plagi ziko ubavuni karibu na chesisi, kwa hiyo kupima kompresheni kuna usumbufu, inabidi atoe betri na boksi la hewa kupata nafasi. Ndiyo maana wengi wanakwepa na kukuambia hakuna haja. Mlipe kwa kupima. Nasema tena, mlipe kwa kupima PEKE YAKE, hata kama siku hiyo hajarekebisha chochote, kwa sababu fundi anayelipwa akifunga kitu tu lazima atapata kitu cha kufunga. Huyu niliye naye sasa siku ya kwanza alinirudishia gari likiwa bovu vilevile, na karatasi yenye namba, na bili. Nilinuna njia nzima.

Nilimpata kupitia watu wa rally. Huko Impreza na Lancer Evolution ni vyombo vya kazi, na fundi anayeandaa gari la mashindano hawezi kuishi kwa kubahatisha, maana akikosea gari halimalizi na kila mtu anaona. Nenda siku ya mashindano, usiangalie madereva, angalia nani yuko chini ya gari. Gerezani sijasema hakuna mafundi, wapo wazuri sana, na spea mwisho wa siku utarudi kulekule. Nasema huyo aliyesikiliza.

Kabla ya kumpata huyu nilijaribu mwingine, naye akasema mufla yangu imekufa kwa sababu gari halingurumi kama Subaru. Umejuaje? "Subaru zote zinanguruma." Mzee, STI ya Japani yenye turbo ya njia mbili za moshi ina manifoldi ya mabomba yenye urefu sawa, haingurumi ule mngurumo tangu kiwandani. Nikachukua ufunguo wangu nikaondoka bila kuaga, ndiyo siku niliyojua swali linafanya kazi.

Oili: ile ya kitabu cha gari, ya chupa halisi, na uibadilishe mapema. Usikubali uwekewe nzito ili moshi upungue, huko ni kuficha. Na petroli yetu si ile ya oktani karibu 100 ya Japani ambayo injini yako imeandaliwa, kwa hiyo bomba la moshi na mambo ya kuongeza nguvu weka kando kabisa mpaka tujue injini ina hali gani.

Sasa kuhusu kesho. Brekidauni usiite ile inayonyanyua magurudumu mawili na kuburuta mawili, hili linasukuma magurudumu yote manne, utaua na difu ya katikati. Ita ile inayobeba gari zima juu. Likifika kwa fundi anayepima, kabla ya kitu chochote aanze na boliti. Kichujio akiweke juu ya kitambaa cheupe, ukipige picha uirushe hapa pamoja na zile namba nne za kompresheni. Ukikuta mtu kwenye uzi huu anakwambia turbo imekufa kabla hujaweka hizo namba, unajua la kumuuliza, na kama gari lake lina stika nyingi nitumie jina lake inbox.