Kikao Kilichosogezwa Mbele

SWALI: Ndugu Mhariri, tajiri wa duka la mazulia ninakofanya kazi hapa Nairobi ni Mwirani anayejifunza Kiswahili. Mwanzoni mwa wiki jana tulimwandikia kwamba kikao cha Alhamisi kimesogezwa mbele siku mbili. Sisi tulijiandaa kwa Jumamosi, naye akaja Jumanne, akakuta ofisi tupu, akatukasirikia. Je, Waajemi huuona wakati kinyume na sisi?
Msomaji, South C

JIBU: Ndugu msomaji, si kinyume. Kiajemi huita wakati uliopita gozashte, yaani kilichopita, na wakati ujao ayande, yaani kijacho. Picha ni ileile ya Kiswahili.

Shida imo katika neno jelo, "mbele". Mwajemi akisema kikao kimetupwa jelo, huwa anayaona matukio kama abiria kwenye foleni ya matatu: aliye mbele ndiye apandaye kwanza, kwa hiyo kikao hicho kitafanyika mapema, na kile kilichotupwa aqab, yaani nyuma, ndicho kilichoahirishwa. Sisi, tunaposogeza kikao mbele, hujiona wasafiri, na mbele ni kule ambako hatujafika. Foleni hiyo nasi tunayo, ila kwa neno lingine: husema "siku iliyotangulia".

Hata hivyo, usidhani kanuni yao ni moja. Wairani walipokuwa wakibadilisha saa mwezi Machi, desturi waliyoiacha mwaka 2022, walisema saa zinavutwa jelo, na hapo mshale ulikwenda kwenye saa ya baadaye. Pish nalo, ambalo pia ni "mbele", lina nyuso mbili: do ruz pish ni siku mbili zilizopita, ilhali ruzha-ye dar pish ni siku zijazo. Mwenye lugha huongozwa na maneno yanayoandamana nalo. Anayejikwaa ni mgeni, kama tajiri wako alivyojikwaa kwenye "mbele" yetu.

Jihadhari pia na "zamani". Sisi tulilichota kwenye Kiarabu, na wao wanalo pia, lakini zaman ya Kiajemi ni wakati wowote, hata ujao, na yetu imebaki kwa mambo ya kale. (Tulichopokea kwao hasa ni Nairuzi, mwaka mpya wa pwani, kutoka Nowruz, "siku mpya".)

Kikao kijacho mwandikie tarehe.