Mtoto akicheza mpira, akili darasani inaongezeka?

Mleta uzi kauliza kama mpira wa kila jioni utamsaidia mwanawe darasani au unamlia muda tu. Unasaidia, ila si kupitia njia ambayo wengi wanaidhania.

Mtazame kiungo mzoefu: kabla pasi haijamfikia anageuza shingo mara mbili, na tayari anajua nani yuko wazi. Akili hiyo ni kweli, lakini ni ya uwanjani. Wanasaikolojia Chase na Simon walilionyesha jambo hili kwenye sataranji mwaka 1973: bingwa hukumbuka vizuri mno kete zilizopangwa kama mchezo halisi, lakini zikitawanywa ovyo, hamzidi sana anayejifunza. Kwa hiyo jicho la pasi halitageuka kuwa hesabu.

Kinachovuka hadi darasani ni mazoezi yanayoupigisha moyo kasi. Mwaka 2011 huko Marekani, mtafiti Erickson na wenzake walichapisha utafiti wa wazee 120. Waliotembea kwa kasi dakika 40, mara 3 kwa wiki, mwaka mzima, hipokampasi yao (sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu) ilikua kwa takriban 2%. Ya kundi la pili, lililonyoosha viungo tu, ilisinyaa. Tusitie chumvi lakini: kwenye jaribio la kumbukumbu makundi yote mawili yalipanda.

Kwa mwanafunzi, dakika 20 za kukimbia taratibu au kutembea haraka kabla ya kusoma zinatosha kuamsha umakini. Kipimo chake: aweze kuongea, ashindwe kuimba. Kisha apumzike dakika 10, anywe maji, afungue daftari, na aanze na somo gumu, maana umakini huo haukai muda mrefu. Wengi wanaharibu kwa kumchosha hasa, kisha kumkalisha na vitabu hadi usiku wa manane. Usingizi ukikatwa, alichosoma hakishiki.

Na kichwa kikigongwa, akaona kizunguzungu au akasahau matokeo ya mechi, atoke na asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko fiti. Apumzike saa 24 hadi 48, bila mitihani, kisha arudi kwa hatua: kutembea, kukimbia, mazoezi ya mpira bila kugusana, mazoezi ya kugusana baada ya ruhusa ya daktari, na mwisho mechi. Kila hatua ichukue angalau siku nzima. Akitapika tena na tena, au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali hapo hapo.