Ninunue mashine ipi ya kuchujia kahawa?

SWALI: Habari zenu. Nataka mashine ya kahawa ya nyumbani, ile ya umeme inayodondosha maji ya moto kwenye filta. Tuko wawili tu. Ya zamani kahawa ikikaa nusu saa ilikuwa hainyweki, chungu balaa. Niangalie nini? – Dada mpenda kahawa

JIBU: Pole dada, hiyo ya nusu saa naijua vizuri, mchawi ni kile kisahani cha moto chini ya jagi la kioo, kahawa ishaiva lakini chenyewe kinaendelea kuipika tu mpaka inanuka kuungua. Chukua yenye jagi la themosi, hutajuta.

Ila kubwa kuliko yote ni joto la maji, yafike nyuzi 90 mpaka 96 hivi, yakiwa chini ya hapo kahawa inatoka nyepesi na ina uchachu. Halafu angalia pale maji yanapotokea, kama ni tundu moja yanachimba shimo katikati na unga wa pembeni unabaki mkavu, fungua ukimaliza utauona, kwa hiyo tafuta yenye matundu mengi. Saizi msichukue ya vikombe 12, nyie wawili ndogo inatosha, maana kubwa ukiiwekea maji kidogo mara nyingi haichuji vizuri.

Saa na taa za rangi achana nazo.

Kahawa pima gramu 60 kwa lita moja ya maji. Na chumvichumvi za maji uzitoe mara kwa mara kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza mara mbili.